Sauti Niliyompa Adui

Filamu isiyo na DJ ni filamu bubu. Wako watu wanaobisha, wale wanaokaa kwenye viti laini mjini wakisoma maandishi chini ya kioo huku wakitafuna bisi. Waache wasome. Mtaani kwetu Huruma hatukusoma filamu, tuliisikia. Mchina alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa yangu, kwa Kiswahili cha stendi ya Eldoret, na utani wa sokoni ukiwa ndani yake. Mhindi alipoimba akizunguka bustani ya maua, mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba analalamika baba wa msichana amepandisha mahari. Sikujua Kichina wala Kihindi, na sikuvihitaji. Niliangalia macho ya mtu, nikajua anataka nini, nikautangazia mtaa mzima kabla hajafunga mdomo.

Nasema bila aibu kwamba hakukuwa na mwingine kama mimi. Vibanda vingine vya filamu vilikuwa na televisheni kubwa kuliko yangu na mabenchi yasiyoyumba, lakini watu waliviacha wakaja kusimama kwangu. Walikuja kusikia adui atasema nini. Kila mtu anaweza kumpa sauti staring, yaani yule shujaa ambaye watoto wote wanajua hafi. Shujaa husema maneno machache na kupiga watu. Adui ndiye anayehitaji DJ, kwa sababu adui huongea sana, hujieleza, hutafuta huruma. Mimi niliwapa maadui wangu sauti mpaka watu wakawachukia kama jamaa zao.

Kibanda kilikuwa cha mabati, na ndani yake mali ya maana ilikuwa spika mbili. Nilizijenga mwenyewe. Plaiwudi niliitoa kwenye mabaki ya kiwanda, nikaikata kwa msumeno wa kuazima. Karatasi ya spika moja ilipochanika niliiziba kwa gundi ya fundi viatu, na tangu siku hiyo, besi ikishuka chini sana, spika ile ilikoroma kama mtu aliyeshiba. Sikuurekebisha ule mkoromo. Nilikuwa kijana asiye na cheti chochote, sina shamba, sina baba, na vile visanduku viwili ndivyo vitu pekee duniani ambavyo ningeweza kuvinyooshea kidole na kusema, hiki nimekifanya mimi.

Jirani yangu aliuza makaa mlango wa pili. Alinizidi umri, nikamwita Mzee, naye akaniita ndugu yangu. Jumapili mchana, kabla filamu hazijaanza, alikuja amevaa kofia pana kama ya wachunga ng'ombe wa Marekani, akakaa benchi la mbele, nami nikampigia muziki wa country. Wageni hushangaa kwamba watu wa huku juu kwenye baridi tunapenda nyimbo hizo kuliko Wamarekani wenyewe. Mimi sishangai. Watu wake, waliozaliwa hapa na babu zao, walikuwa na nyimbo zao. Watu wangu, waliotoka mkoa wa kati kutafuta mashamba na maduka, walikuwa na zao. Gitaa lile la mbali lilikuwa la wote. Sikuwahi kujiuliza wakati huo kwa nini wimbo tuliopenda pamoja mara nyingi ulikuwa wa mtu anayelilia shamba alilonyang'anywa.

Mwaka wa kampeni muziki ulibadilika kabla watu hawajabadilika. Hilo nalisema kama mtu wa kazi hiyo. Wanasiasa walikuwa bado wanakumbatiana majukwaani, lakini wateja wangu walikuwa wameshaanza kuniuliza, "DJ, kwa nini hupigi ile yetu?" Yetu ilikuwa nini? Tulikuwa na yetu tangu lini ndani ya kibanda kimoja? Redio za lugha za nyumbani zilipiga nyimbo ambazo ukizitafsiri hukuti tusi hata moja, ila jirani yako akizisikia dirishani kwako anafunga lake. Nikipiga wimbo wa upande mmoja, nusu ya benchi inatoka. Jumapili moja Mzee alikuja bila kofia, akasimama mlangoni, akaniambia, "Leo usinipigie. Watu wataongea." Mimi, mtu ninayesoma macho ya Wachina, sikusoma ya jirani yangu.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, watu wangu walianza kuchomewa nyumba; moshi ulianza upande wa mashamba, halafu ukaja mtaani. Mzee aligonga mabati yangu asubuhi, jasho likimtoka. "Ndugu yangu, chukua mama yako mwende. Sasa hivi. Vitu nitakulindia." Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwachia ufunguo. Tulipofika barabara ya lami nikageuka, nikamwona ameshafungua, anatoa spika ya kwanza, na vijana wawili wanaitoa ya pili. Hakuonekana kama mtu anayeokoa. Aliipangusa vumbi kwa mkono wa shati, taratibu, kama mtu aliyetoka dukani nayo. Kibanda kilichomwa baadaye, saa sita mchana, kikiwa kitupu.

Tuliishi kambini kwenye hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, kwenye matope, mama akikohoa. Huko ndiko nilikoanza kuzichukia nyimbo za amani. Ziliporekodiwa zote kwa pamoja zilikuja kama mafuriko: waimbaji wamevaa fulana nyeupe, wameshikana mikono, watoto mbele, njiwa kwenye video. Tupendane. Tusameheane. Sisi ni kitu kimoja. Redio ya kambi ilizipiga kutwa. Nilizisikiliza kwa makini, kwa sababu sauti ndiyo kazi yangu, na nawaapia hakukuwa na wimbo hata mmoja uliosema: rudisha. Kusamehe kuliimbwa kwa kila ala. Kurudisha hakukupata hata kiitikio. Wimbo kama huo humwimbia aliyeibiwa peke yake, humwomba afanye kazi yote, na aliyeiba anacheza nao harusini bila wasiwasi.

Mama alifariki mwaka uliofuata kwa dada yake, Nakuru. Mimi nilienda Nairobi. Sitaki kuwachosha na habari za Nairobi, ila yeyote anayefikiri nilibebwa na mtu ajue kwamba sikubebwa. Mchana nilivuta waya kwa tajiri mmoja aliyekodisha vyombo vya muziki vya harusi, jioni nikasoma. Wenzangu walilala darasani. Mimi nilikaa mbele na kumsahihisha mwalimu. Nilitoka na diploma ya elektroniki, diploma kamili, si kile cheti cha semina wanachopewa watu pamoja na soda. Nikanunua vyombo vyangu vya kwanza, na siku nilipowaambia jamaa kwamba narudi Eldoret, walinitazama kama mgonjwa.

"Unarudi kufanya nini kule?" mama mdogo aliuliza. "Hawakukuchoma vizuri mara ya kwanza?"

"Narudi kuchukua spika zangu."

"Na diploma hiyo yote? Si ununue zingine, mbili, nne, ujaze nyumba?"

Ningeweza, na hapo ndipo watu wengi hushindwa kunielewa. Sikuwa maskini wa spika. Nilitaka mtu mmoja aseme mbele ya watu kwamba vile vitu ni vyangu na kwamba alivichukua. Bila hayo, kila alipovipiga alikuwa anautangazia mji kwamba sikuwahi kuwepo.

Nilimkuta Mzee amenenepa. Biashara ya makaa alikuwa amewaachia wengine, yeye sasa anakodisha viti, mahema na muziki kwa mazishi na harusi. Tena alikuwa mwenyekiti wa kamati ya amani ya mtaa. Aliniona mlangoni, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kama afanyavyo kila anapotaka kusema jambo lisilo kweli, akanikumbatia.

"Ndugu yangu! Kwa haki ya Mungu, tulidhani umekufa!"

"Niko hai, Mzee. Nimekuja kuchukua zile spika."

"Spika?" Alifuta mdomo tena. "Ah, zile. Mimi nilikuwa nalinda tu. Nililinda, nikalinda, wale vijana wakanishinda nguvu. Walienda nazo. Unajua vile kulikuwa."

"Najua vile kulikuwa. Nilikuwepo."

Mke wake alileta chai. Aliweka kikombe mbele yangu bila kuniangalia, akarudi jikoni, akakaa huko.

Jumamosi ya wiki hiyo kulikuwa na mazishi Kiplombe, pembeni mwa mji, ya mama mmoja aliyekuwa akituuzia mboga zamani. Nilisimama nyuma na waombolezaji. Kwaya ilipoanza, kinanda kikashuka chini, nikasikia mkoromo. Mtu mwingine angedhani ni waya mbovu. Mimi nilisogea mbele kuangalia. Spika zangu zilikuwa pale pembeni ya jeneza, zimepakwa rangi ya buluu, zimeandikwa jina la biashara yake kwa herufi kubwa, na zilikuwa zinaimba.

Nilienda kwa mchungaji. Akasema tusifukue mambo. Nilienda kwa chifu. Akasema mambo ya wakati ule yana kamati yake, niende kwa mwenyekiti. Nilicheka mpaka askari wake akaniuliza kama niko sawa. Hii ndiyo nchi yetu: unaibiwa, unaambiwa upeleke malalamiko kwenye kamati ya amani, unafika unamkuta mwizi ameshika kalamu. Wanaita hiyo kusonga mbele. Yeye amesonga mbele na spika zangu, mimi nisonge mbele na nini?

Basi nikafungua kibanda kipya Huruma, mita chache kutoka mlango wake. Televisheni kubwa, spika za dukani zinazosikika vizuri na zisizo na roho. Nikaketi na maiki. Filamu ya kwanza ilikuwa ya ngumi, adui ni jenerali mwenye masharubu aliyechoma kijiji na kuchukua upanga wa ukoo. Shujaa anarudi baada ya miaka mingi, anauliza upanga uko wapi. Jenerali anafungua mdomo. Nikamfanya akohoe kidogo, nikamfanya avute pumzi puani, halafu akasema kwa sauti nzito ya huruma: "Ndugu yangu! Kwa haki ya Mungu, mimi nilikuwa nalinda tu!"

Kicheko kilianza benchi la nyuma kikaja mbele kama maji. Waliijua ile sauti. Nani Huruma hakuijua?

Tangu hapo kila adui alilinda. Wauza dawa za kulevya walilinda. Mfalme aliyempindua kaka yake alilinda kiti. Papa mkubwa aliyemla mtalii, nilimpa maneno baharini: mguu huu nalinda tu, ndugu yangu. Watu walilia kwa kucheka, wakarudi kesho na wenzao. Na maneno hayakubaki kibandani. Makanga wa basi aliyekataa kurudisha chenji aliambiwa, wewe pia ni mlinzi? Kuku akipotea, watu waliuliza analindwa wapi. Mzee akisimama kununua nyanya, muuzaji alimuuliza, kwa heshima zote, "Mwenyekiti, nikufungie, ama utazilinda hivyo hivyo?"

Alikuja kwangu mchana mmoja nikifagia.

"Yule mtu wako kwa filamu anaongea kama mimi."

"Mtu gani, Mzee?"

"Yule mbaya. Wote. Wabaya wote wanaongea kama mimi."

"Mzee, yule wa jana ni Mchina."

"Najua ni Mchina!"

"Sasa wewe ni Mchina?"

Mama wa kuuza chapati nje alikohoa kwenye leso. Mzee akasogea karibu, akashusha sauti. "Unataka nini? Sema. Nitakununulia zingine. Mpya."

"Sitaki zingine. Useme tu, mbele ya watu."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Akafuta mdomo. "Hakuna cha kusema," akasema, akaenda. Nilimaliza kufagia nikipiga mluzi. Sijawahi kufagia vizuri hivyo.

Miezi ikapita, na shirika moja la wageni likaja na mradi wa amani. Waliamini kwamba filamu inaponya, na hapo sikuwabishia, mimi naamini filamu inaweza mambo mengi. Filamu yao ilikuwa ya nchi ya mbali, majirani wawili milimani, mmoja amechukua farasi wa mwenzake wakati wa vita, mwisho wanakumbatiana kwenye theluji. Ilitakiwa kuonyeshwa mchana kwenye ukumbi wa kanisa, mapazia yamefungwa, mwenyekiti wa kamati afungue kwa hotuba. Walihitaji mtu wa kuitafsiri moja kwa moja. Kila waliyemuuliza mjini aliwaambia jina moja, na wakaja kunisihi. Muziki walikuwa wameshaukodi, kwa mwenyekiti mwenyewe.

Kwa hiyo niliingia ule ukumbi nikakuta spika zangu pande zote mbili za pazia la filamu, na maiki mezani kwa ajili yangu. Ukumbi ulijaa. Watu wake walikuja, watu wangu waliorudi walikuja, wengine walitoka mbali, Chepsaita, kwa lori. Mzee alitoa hotuba kuhusu upendo. Alitumia neno "kusahau" mara nyingi hata nikaacha kusikiliza. Mke wake alikaa mstari wa tatu, mkoba mapajani.

Nilianza. Sauti yangu ilipita kwenye sanduku nililolikata kwa mikono yangu, na ule mkoromo ukaitikia chini yake. Nilikuwa nimeisahau ladha yake. Nilifanya kazi siku ile kama sijawahi kufanya. Sikumtania mtu. Aliyechukua farasi nilimpa sauti ya kawaida, ya mtu yeyote, na watu waliongoja utani wakaanza kutazama kwa makini. Mwenye farasi aliporudi akamkuta farasi wake amepakwa rangi, mama mmoja wa watu wangu alitoa sauti kama amechomwa sindano.

Kisha ikafika theluji. Wanaume wawili wamesimama, mwenye farasi anafungua mdomo. Najua alichosema, wageni walikuwa wamenipa maneno yake yote kwa maandishi: kwamba amesamehe. Nikaweka maiki mdomoni nikasema, "Sema kwanza."

Mwingine alifungua mdomo. Sikumpa sauti. Midomo ikaenda, ikaenda, bila neno. Watu wakaanza kugeuka. Hawakunitazama mimi, walimtazama mwenyekiti kwenye kiti cha mbele.

"Sema kwanza," nikarudia. "Mbele ya hawa. Ni wa nani?"

Mzee akasimama. "Zima hiyo kitu! Hizo spika ni zangu, nitazima mwenyewe!"

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua nimempata. Kicheko kingemwokoa, angeondoka amekasirika kama mtu aliyetukanwa. Alisimama kwenye mwanga wa filamu, theluji ikimwangukia kwenye shati, akingoja mtu wa upande wake aseme kitu. Wazee wa kamati walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Aliyesema alikuwa mke wake. Hakusimama hata. "Baba, waambie. Mimi nimechoka kuchekwa sokoni kwa ajili ya mbao. Waambie tuende nyumbani."

Alifuta mdomo. Mkono ukabaki pale muda mrefu. Nilimsogezea maiki, kwa sababu nilitaka itoke kwenye spika, isikike mpaka barabarani, na akaichukua.

"Ni zake," akasema. "Nilichukua kwake."

Sanduku likakoroma kwenye neno la mwisho.

Wageni walifurahi sana. Mmoja alikuwa anafuta machozi. Mzee akaninyooshea mkono, na mchungaji akaanza kupiga makofi polepole ili wengine wafuate, na nikaona wanachotaka: wanataka ile picha, watu wawili mbele ya pazia, ipigwe, ipelekwe Ulaya. Mikono yangu ilikuwa na kazi. Nilikuwa nimeshapiga magoti nyuma ya spika ya kwanza, nachomoa waya.

"Ndugu yangu," Mzee akasema, mkono bado hewani.

"Sogea kidogo, Mzee, nisikugonge."

Vijana wawili wa mtaani walinisaidia kubeba, walijitolea wenyewe, na umati ulitufungulia njia katikati ya viti. Nyuma yetu filamu ilikuwa bado inaendelea. Wale wanaume wawili wa milimani walikuwa wamefikia kukumbatiana, wanaongea, wanalia, na hakuna kilichosikika ukumbini isipokuwa viti.

"DJ!" mtu akaita kutoka mstari wa mbele. "Sasa wanasema nini?"

"Sijui," nikamjibu mlangoni. "Mimi nimemaliza."